Kiingereza Changu cha Kashuga

Neema mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi na maneno yake, hutarudi kabla ya jioni. Mama yako yuko chumbani anapanga sanduku lako na kulipangua. Blanketi limeingia na kutoka mara tatu. Nilipojaribu kutoa shauri nilifukuzwa, kwa hiyo habari za sabuni, dawa za malaria, na mtu gani wa kukaa karibu naye ndani ya basi utazisikia kwake. Mimi nimebaki na meza, kalamu na mvua ya Kirotshe juu ya mabati. Nina jambo moja tu la kukuambia. Nimelikwepa miaka kumi na miwili, na hata sasa naona mkono wangu unatafuta njia ya kuzunguka.

Jambo lenyewe ni hili: sababu inayokupeleka Kampala ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Unakumbuka ile barua yako ya kuomba nafasi ya chuo. Uliiandika kwa Kiingereza, ukaniletea niisahihishe. Katika aya ya pili ulisema unataka kusoma fasihi ya Kiingereza kwa sababu, ulipokuwa mtoto, baba yako aliwasemea watu wa kambi ya Kashuga mbele ya wageni, na kwa Kiingereza chake watu waliokuwa wamechukuliwa porini walirudi nyumbani. Nilisoma aya hiyo. Nilihamisha koma mbili. Nilifuta neno ulilolirudia. Halafu nikakurudishia nikasema, "Iko bien, peleka." Mtu mzima, mwalimu, mwenye mvi, niliona sifa isiyo yangu nikaisahihishia koma! Wakakukubali. Kesho unaondoka juu ya aya hiyo, na sitaki uvuke mpaka wa Uganda ukiwa umeibeba. Ukishamaliza kusoma barua hii, amua mwenyewe kama bado unakwenda.

Kwanza lakini niache nimseme mjomba wako kidogo, maana nisipomsema nitaonekana mimi ndiye mjinga pekee katika ukoo huu. Jumapili baada ya misa alikuja akakaa kwenye kiti changu, kile chenye mto, akanyoosha miguu. Wewe ulikuwa jikoni na mama yako, ulisikia nusu tu. Unamjua Kasereka: ametoka Butembo na godoro moja kichwani, leo ana malori, na kila anachokijua duniani amekijulia dukani. Akaniambia, "Shemeki, Kiingereza ya biashara, sawa. Miye mwenyewe najua Kiingereza ya ku carton. Najua juu ni wapi, chini ni wapi. Lakini Kiingereza ya masimulizi? Mutoto atakaa miaka tatu anasoma habari ya batu benye hawakukuwako?"

Sikumjibu, kwa sababu kesho ni lori lake litakalokufikisha mpakani, na ulimi wangu umejifunza adabu palipo na lori. Lakini moyoni nilimcheka sana. Mtu amesoma "juu" na "chini" kwenye katoni, anadhani amesoma lugha! Nilimcheka mpaka usiku nikakumbuka kwamba Kasereka, pamoja na ujinga wake wote, akisoma "juu" huweka juu, hajawahi kupindua godoro la mtu. Mimi mwenye diploma nimepindua zaidi ya godoro.

Nilisoma Kiingereza Bukavu, katikati ya vita. Tulikuwa darasa la watu arobaini na riwaya moja, isiyo na jalada, ambayo mtu mwenye busara za ajabu alikuwa ameichana vipande vinne ili tusome kwa zamu. Mimi nilipata kipande cha tatu kwanza. Nilisoma arusi kabla ya uchumba, na kifo cha shangazi kabla sijajua kwamba kulikuwa na shangazi. Mwalimu wetu tulimwita Assistant, kwa sababu ndicho cheo alichokuwa nacho na hakikupanda hata siku moja. Suruali yake ilikuwa imeng'aa magotini. Alikuwa anapenda vitabu vile kuliko chakula, na kwa kuwa mshahara haukuja, alikuwa anavipenda badala ya chakula.

Mimi nilikuwa mkubwa wa wachekaji. Assistant alikuwa anatueleza mambo ya zile nyumba kubwa za Kiingereza za zamani: kwamba binti hakumwita kijana kwa jina lake la nyumbani, kwamba mgeni alikaa robo saa akaondoka, kwamba mwanamke akianza kusifu hali ya hewa mtu fulani pale sebuleni alikuwa ameshakataliwa. Nilikuwa nainua mkono. "Assistant, hawa wazungu wana ugonjwa gani? Mtu kama humtaki, si unasema?" Darasa lilikuwa linaanguka kwa kicheko. Yeye alikuwa anasubiri tumalize, anafuta miwani kwa shati, anasema, "Endelea kusoma, bwana. Kile hawakisemi njo kiko kitabu yenyewe."

Mwisho nilielewa kwamba kile wasichokisema ndicho kitabu. Sikuelewa kwa unyenyekevu, nilielewa kwa kutaka pointi. Katika mtihani tuliulizwa kwa nini bibi mmoja katika riwaya ile hataji hata mara moja jina la mwanamume anayekula naye meza moja kila siku. Nilijaza kurasa nne. Nilieleza heshima ya nyumba, macho ya majirani, woga wa kuonekana umejipa haki usiyo nayo. Nilionyesha kwamba kutotaja kwake kulikuwa na habari nyingi kuliko maneno ya wengine wote pale mezani. Nilipata kumi na saba juu ya ishirini, na Assistant, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimesikia kimya cha watu.

Basi nikawa sifai tena. Nilirudi Masisi na pua mpya. Mama yangu, bibi yako, alikuwa akinisalimia kwa namna ya kwetu, anauliza mbuzi, anauliza majirani wa Bukavu asiowajua, anauliza usingizi wangu, na mimi natazama saa. Nilimwambia siku moja kwamba Waingereza wanamaliza salamu kwa neno moja. Alisema, "Masikini. Hawana mutu ya kubauliza?" Nilihesabu hilo kuwa ushamba. Ukitaka kumwona mtu wa kudharauliwa, mwangalie baba yako mwaka ule, na shati jeupe juu ya matope ya Masisi, akimwonea haya mama aliyeuza mbuzi wake amsomeshe.

Vita vikaifunga shule niliyokuwa nafundisha. Ndipo wale wageni wa misaada wakahitaji mtu wa kutafsiri, Kihunde na Kiswahili kwenda Kiingereza, na mtu mwenyewe akawa mimi. Walinipeleka Kashuga. Wewe ulikuwa na miaka sita, umebaki na mama yako hapa ziwani.

Kambi ilikuwa imejazana ubavuni mwa mlima, vibanda vya majani na mahema meupe, na moshi wa kuni mbichi. Wanaume wake wengi walikuwa wamekamatwa na watu wenye bunduki njiani wakitoka mashambani, wakapelekwa Walikale, katika msitu wa Bisie, kubeba magunia ya mawe ya bati kutoka kwenye mashimo mpaka mahali magari yanapofika. Mapadri walikuwa wamehangaika mpaka mkubwa wa wale wenye bunduki akakubali kuwaachia watu wa Kashuga. Lakini alitoa sharti: majina yaandikwe kwenye karatasi, na atakayetoka ni yule tu ambaye jina lake limo. Ndiyo kazi iliyotuleta. Meza, hema, foleni ya wanawake, na karatasi.

Mgeni niliyekuwa namtafsiria hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia leo. Alikuwa kijana mrefu aliyeungua pua kwa jua, na alimuuliza kila mwanamke anajisikiaje, swali ambalo sikuwa na aibu kulitafsiri kwa mtu ambaye mume wake amebebeshwa mawe msituni. Alikuwa amechoka, mimi nilikuwa na njaa, na foleni ilikuwa bado inazunguka nyuma ya hema.

Mama Sifa akafika mezani. Ndiyo, ni huyu huyu Mama Sifa wetu, anayeuza visamaki vya sambaza hapa Kirotshe, ambaye wewe unamwita shangazi na aliyekubeba mgongoni ulipougua tumbo. Kaa chini kama umesimama.

Alianza mwanzo kabisa, namna watu wetu wanavyoanza. Alianza na maharage. Walikwenda kuvuna maharage, yeye na baba mkwe wake, asubuhi ile kulikuwa na ukungu, mzee alikuwa amebeba mipini mitatu ya jembe aliyokuwa ameichonga kwa ajili ya mtu wa kijiji cha pili. Mimi namtafsiria mgeni: mwanamke huyu alikuwa shambani. Akaeleza jinsi mzee alivyomwambia ajifiche mtoni, na yeye akatembea mbele kuwaelekea wale watu ili wasimtafute mtu mwingine. Mimi: alichukuliwa mzee mmoja. Nilikuwa nakata, Neema. Nilikuwa nafurahia kukata, nilijiona hodari, maneno mia yanaingia mdomoni mwangu yanatoka kumi.

Mgeni akauliza jina la mzee.

Mama Sifa akashusha macho. Akasema, "Ule muzee ni baba ya bwana yangu. Bwana alikufa, nikabaki naye, yeye njo alinilindia mutoto. Jina yake miye siwezi kuitaja. Mungojee kidogo tu, mutoto yangu Sifa iko ku maji, pale chini. Yeye atakuja kuitaja."

Unajua maana yake, hata wewe uliyekulia ziwani. Mkamwana hataji jina la baba mkwe. Bibi yako alizeeka nalo hilo. Alipohitaji kulisema jina la babu yangu mzaa baba, kwa deni, kwa kesi ya shamba, kwa misa ya marehemu, alikuwa anaita mtoto aje amtajie. Na mtoto aliyekuwa anaitwa ni mimi! Nimetolewa kwenye mpira mara ngapi, nikaja mbio, nikasimama mbele ya watu wazima, nikasema jina, nikarudi kwenye mpira. Ilikuwa kazi yangu ya nyumbani kama kuchota maji.

Na mtu huyo huyo, mwenye kumi na saba juu ya ishirini kwa kueleza kwa nini bibi wa Kiingereza hataji jina, aliona aibu. Niliona aibu mbele ya kijana mwenye pua iliyoungua. Niliona itanibidi nianze kueleza mkwe, na mkamwana, na heshima, halafu yeye ainue nyusi na kutuona sisi ni watu wa zamani, na mimi nikiwa mmoja wao. Niligeuka nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba mwanamke huyu halijui jina.

Aliinua macho. Akauliza, hajui jina la mtu anayeishi naye nyumba moja?

Ningeweza kurudi hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake niliongeza la kwangu, ambalo hakuna aliyelisema: kwamba wanawake wa vijiji hivi ndivyo walivyo.

Mgeni akatikisa kichwa, akapiga mstari kwenye karatasi, akasema apite anayefuata. Mama Sifa hakuelewa Kiingereza, lakini aliuona mstari. Akaniuliza, "Mumeshamuandika?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mama, iko ndani." Akanishukuru kwa mikono miwili. Bomba la maji lilikuwa karibu kiasi kwamba nilikuwa nasikia watoto wakigombana pale. Kuita mara moja tu, na Sifa angekuja.

Wiki kadhaa baadaye wanaume wakarudi. Kambi nzima iliimba. Mmoja wao, kijana aliyekonda mpaka nikashindwa kumtambua, alinikumbatia akaniambia, "Papa, asante kwa Kiingereza yako." Halafu, kwa kuwa alikuwa na furaha, akanisimulia vile ilivyokuwa. Mkubwa wa wale watu alisimama na karatasi, akawa anasoma. Aliyesikia jina lake alitua gunia akasogea upande mwingine. Mzee wa mipini, ndivyo walivyomwita, alitua gunia lake mapema kabisa, akajipangusa uso, akafunga vizuri kamba ya suruali kama mtu anayejitayarisha kwa safari. Karatasi ikaisha. "Tukasema, huyu naye ni wa kwetu. Mukubwa akasema, karatasi yake iko wapi? Muzee akatuambia twende, tusikawishe batu, labda bataleta karatasi ingine." Wakamwacha amekaa juu ya gunia.

Hapakuwa na karatasi nyingine. Ningeweza kwenda Goma siku hiyo hiyo kumtafuta mgeni, ningeweza kwenda kwa mapadri. Lakini ningepaswa kueleza kwa nini jina halimo, na nilikuwa nimeshashukuriwa na kambi nzima. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo mapigano yakafunga barabara, na nakuambia kwa haya kabisa kwamba nilipumua. Nilipata kisingizio chenye bunduki. Hakuna mtu aliyemwona mzee yule tena.

Kwa kazi hiyo nilipewa cheti cha shukrani, chenye muhuri na sahihi. Ni kile cha ukutani, ulichokuwa ukikipangusa vumbi kila Jumamosi na kuwaonyesha wenzako. Leo nimekitoa. Mama yako ameona alama nyeupe iliyobaki ukutani, ameniuliza kuna nini, nimemwambia aningojee nimalize kuandika. Ananitazama vibaya kutoka mlangoni, na yuko sawa.

Mama Sifa alikuja Kirotshe kwa kukimbia, miaka miwili baadaye, yeye na binti yake, na katika nyumba zote za pwani hii akapata chumba hatua mia kutoka kwetu. Alipofika alifurahi kuniona. Alimwambia mama yako kwamba mimi ndiye niliyemwandika mzee wake, ila wale wa porini ndio waliomkatalia. Nilikuwa nimekaa pale, nakunywa chai. Nilisema, "Ile watu ni wabaya." Nikaongeza sukari.

Tangu hapo nanunua sambaza kwake. Ulikuwa unanicheka: "Papa, kwa nini unaleta zile zimeshaoza?" Nilikuwa nanunua zile ambazo wengine wamekataa, sijadili bei, nabeba nyumbani najiona nimetubu. Toba ya samaki! Miaka kumi mmekula toba yangu, nyinyi na paka.

Karatasi ya masomo waliyokutumia kutoka Kampala nimeisoma mara nyingi kuliko unavyojua. Wameandika kwamba utasoma fasihi ya Kiingereza pamoja na utamaduni ulioizaa. Wanafunzi wenzako wengi watairuka nusu ya pili, watataka hadithi tu, nani alimwoa nani. Nimefundisha miaka ishirini, nawajua. Na wengine wataishika nusu hiyo kwa mikono miwili, watajifunza chai yao, theluji yao, urithi wao wa nyumba, nani anakaa upande gani wa meza, halafu watarudi Goma wakiongea kwa pua na kusema kwamba huku kwetu hakuna utamaduni wa maana. Hao ni watoto wangu wa kiroho, na siwezi kukaa nao chumba kimoja. Wapo pia watakaokuambia vitabu hivyo ni vya wazungu, vitupwe. Wasikilize kwa adabu, halafu waulize wamesoma vingapi. Utaona wanabadilisha mazungumzo.

Soma vyote, kama bado unavitaka. Assistant hakukosea kitu. Alinifundisha kusikia, akanipa pointi, na mimi nikadhani somo lilikuwa juu ya Waingereza. Ukikuta ukurasa ambao mtu hasemi kitu na wewe huelewi, usiandike pembeni kwamba hajui. Rudi nyuma, uliza ni nani aliye mezani. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa uhakika, na nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine.

Nilitaka kumalizia hapo. Nimeshaandika hata neno la kwaheri nikalifuta. Nimetazama karatasi hizi nikaona ujanja wangu ule ule: nakiri kwa mtoto ambaye kesho atakuwa mbali, atakayelia kidogo ndani ya basi na kunisamehe kwa sababu mimi ni baba yake. Msamaha wa bei nafuu. Mvua imekatika. Nakunja barua, nakwenda kwa Mama Sifa.

Sasa nimerudi, naandika tena, usishangae mwandiko.

Alikuwa chini ya kibaraza anachambua sambaza kwenye sinia, Sifa akiwa ndani anapiga pasi. Nilimwambia nina barua nataka kumsomea. Alisema, "Soma, masikio iko bule." Nikasoma yote, tangu blanketi. Kwa mjomba wako alicheka. Nilipofika Kashuga aliacha kucheka lakini mikono iliendelea na samaki. Nilipofika pale niliposema wanawake wa vijiji hivi ndivyo walivyo, nilitaka kupapita bila kupasoma. Nikapasoma. Mikono ikasimama.

Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, na safari hii sikujaribu kukieleza kimya chake.

Akasema, "Ile siku miye nilisema mingi, na weye ukasema kidogo. Niliona. Nikasema mu roho, labda Kiingereza njo iko vile, lugha ya kukatakata. Miaka yote naambia batu: Kiingereza ni lugha fupi." Akatikisa sinia. "Kumbe haikukuwa Kiingereza. Ilikuwa weye."

Nikaanza kuomba radhi. Akaniambia, "Nyamaza kwanza." Akaniuliza, "Na jina yake, unaijua?"

Nikasema hapana.

"Miaka kumi unakula samaki zangu. Na huyawahi kuuliza mutu?"

Nikasema hapana. Neema, nilikuwa nimesahau kwamba ubaya una chini zaidi ya pale nilipokuwa nimekaa. Nimeandika kurasa zote hizi juu ya mzee yule, na ukiangalia utaona sikumtaja, na wala haikuwa heshima.

Alimwita Sifa. Sifa akatoka, amekuwa mwanamke mrefu, pasi mkononi bado inatoa moshi wa makaa. Nadhani alisikia yote kupitia dirishani, kwa sababu hakunisalimu. Mama yake akamwambia, "Tajia huyu bwana jina ya babu yako. Aandike mu barua ya Neema. Mutoto akiulizwa kule juu ya Kiingereza ya baba yake, ajue ya kusema." Kisha akageukia ukuta, akajifunika uso kwa kitenge, na akabaki hivyo mpaka jina likamalizika kutajwa. Sifa alilitaja mara mbili, mara ya pili polepole, akisimama juu yangu mpaka nikaliandika.

Nilimuuliza Mama Sifa kama nije kesho tuongee. Alisema, "Kesho hapana. Samaki usikuje kununua tena. Siku nitakutaka nitatuma mutu." Halafu akaniambia nitoke, na nimetoka.

Wewe unarudi sasa hivi, nasikia sauti yako njiani na msichana wa jirani, mnacheka. Nitaweka barua hii juu ya blanketi, kama limo sandukuni. Kama kesho utapanda lori, panda kwa sababu ya mtu huyu, mimi unitoe katika ile aya. Kama hutapanda, nitamwambia Kasereka mwenyewe, na sitasingizia ugonjwa.

Anaitwa Ndoole Mashauri, mchonga mipini, wa Kashuga.

Baba yako, aliyelijua jina hilo leo saa kumi.